Pepo Watatu wa Sebuleni

Kompyuta yangu ni ya mtumba, nimeinunua Kariakoo. Ni kale kadogo ka maofisini: upana sentimita 18, unene wa kandambili mbili zilizopandana. Prosesa, yaani ubongo wake, ni i5-8500T, viini sita, wati 35. Humo nimeweka Proxmox, programu ya kuifanya kompyuta moja iwe kama kadhaa, na ndani yake mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kuigizwa: moja inatunza picha, moja ya mazoezi ya Linux, na ya tatu Windows, kwa hesabu za duka la mteja. Inakaa sebuleni Tabata kando ya king'amuzi, na ilikuwa haivuki nyuzi 60.

Mpaka shangazi alipokuja kutoka Tanga.

Jumamosi asubuhi niko chumbani, mteja kapiga simu: programu inatambaa. Naangalia joto, 93. Nikajua ni Windows inajisasisha (huwa naanza kuilaumu yenyewe, mara nyingi napatia). Nikaizima. Likashuka kidogo, likapanda tena. Nikazima ya mazoezi. Ikabaki ya picha, inachambua sura za watu kwenye picha za harusi ya binamu, ikafika nyuzi 100. Hapo prosesa hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeifungua, nikapuliza vumbi na kubadilisha ile dawa ya kijivu ya kupozea. Basi nikaanza kujishuku: nimepaka kidogo? Nimezidisha? Nikasoma ushauri saa nzima, wakati sebuleni ni hatua nane tu.

Nilipofika, juu ya kompyuta pamekaa beseni lililofunikwa kanga. Pindo moja limeziba mbele inapovutia hewa, jingine nyuma inapotolea joto. Kwenye kanga pameandikwa "Hasidi hana sababu". Na mimi sababu nilikuwa naitafuta tangu saa mbili! Nikafunua. Unga wa maandazi, umeumuka hadi ukingoni, unanukia iliki.

"Shikamoo shangazi. Hiki nini?"

"Marahaba. Funika, baba, usiupige baridi. Hako kaking'amuzi kako kana joto zuri, hamira imekapenda."

"Hiyo ni kompyuta, shangazi. Humo ndani kuna mashine pepe tatu."

Kijiko kikamdondoka. "Pepo watatu?"

"Pepe, shangazi. Yaani zipo, zinafanya kazi, lakini huwezi kuzishika."

"Si ndio hao hao!" Akanyakua beseni lake. "Mimi nitoke Tanga, nije kukutana nao Tabata?"

Baada ya dakika kumi joto lilikuwa 58. Nikaziwasha zote, mteja akanishukuru kwa "marekebisho", nami shukrani nikazipokea bila kufafanua. Maandazi yalitoka mepesi kama pamba. Nilikula saba.

Jumapili alfajiri mlango wa chumbani ukagongwa taratibu.

"Baba, wale wako wameamka?"

"Mmoja tu, shangazi. Wengine nimewazima, wapumzike."

Kimya kidogo.

"Waamshe wote. Nimeshakanda."