Elfu Nne kwa Bibo

Mimi ni fundi cherehani, na kitu cha baridi ninachokijua ni barafu ya ubuyu ya shilingi mia mbili. Unang'ata kona ya mfuko, unanyonya mpaka kinabaki kidonge cheupe kisicho na ladha, unatupa. Inanitosha. Sijawahi kuamka usiku nikaona maisha yamenipunja.

Lakini binti yangu wa mwisho amerudi likizo. Anasoma Dodoma, na huko inaelekea wamemfundisha kwamba mzazi hupendwa kwa kutolewa nyumbani. Jumamosi moja ya Novemba, lile joto la Mtwara la kuoga ukatoka bafuni tayari una jasho, akaniambia, "Baba, vaa vizuri, twende Shangani tukale aiskrimu." Nikavaa shati jeupe. Nimelishona mwenyewe, kola yake haina mpinzani sokoni.

Dukani kuna vioo, feni mbili na viti virefu walivyopimiwa twiga. Nikapanda kimoja, miguu ikaning'inia kama ya mtoto anayesubiri kunyolewa. Msichana wa kaunta akaniamkia kwa kupiga goti kidogo, "Shikamoo baba." Nikamsifu moyoni. Kumbe goti lile limo kwenye bei.

"Baba, tuna spesho yetu, hutaipata kwingine. Onja kwanza, kuonja ni bure."

Kijiko chenyewe sasa! Wale wanunuzi wa kangomba, waliokuwa wakitupimia korosho kwa bakuli badala ya mizani, wangekiona wangesema hapana, huu sasa ni wizi. Nikaonja hivyo hivyo. Ikaja baridi, yakaja maziwa, ikaja sukari, halafu huko nyuma kooni kuna kitu kikanikwangua. Nikakitambua hapo hapo, ila mtu mzima hasemi bila uhakika. Nikaomba kijiko cha pili. Cha tatu nikaomba kwa ajili ya ushahidi. Binti yangu akanifinya ubavuni.

"Mama, hii ni nini?"

"Mabibo na korosho, baba."

Mabibo! Jamani, mimi nimezaliwa Nanguruwe. Kwetu bibo halikuwa tunda, lilikuwa usumbufu uliong'ang'ania korosho. Unaokota, unainyonga korosho iliyoning'inia kwa chini, unaitia kwenye ndoo, bibo unalirusha nyuma bila kuangalia limempiga nani. Ikifika Novemba chini ya miti kunanuka uchachu mpaka nzi wanapepesuka. Wazee walikamua wakapata uraka, pombe ya mabibo, na uraka ukionekana mwepesi wakatafuta nipa, ile kali ya kukenekwa. Nina mjomba ambaye msimu mzima alikuwa akiiamkia mikorosho, na analalamika haiitikii. Pale Naliendele watafiti wa korosho wamefundisha watu kutengeneza juisi na jamu ya mabibo, sisi tukiwapita na baiskeli zetu huku tunacheka.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu nne tu kikombe, baba."

Hiyo "tu" imewekwa pale na nani? Kwa elfu nne mimi napunguza suruali mbili na kubadilisha zipu. Lakini binti yangu alishaanza kupiga picha kikombe, na picha ikishapigwa hakuna kurudisha.

Juu wamepanga korosho. Nikazihesabu: tatu na kipande. Mtwara hii! Mji ambao msimu huu malori yamejaa barabarani, maghala yamejaa, korosho zinapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam, mimi mwenyeji nahesabiwa tatu na kipande. Nadhani hizo zilichelewa meli.

Nikaanza kula polepole ili hela yangu ikae mdomoni. Umeme ukakatika. Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, ukinyoosha kidole vizuri unaionyesha, ikasafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam, na sisi tuliolala nayo tumekaa gizani na feni zimenyamaza. Dakika tatu tu, spesho ikawa uji. Nikakimbizana nayo kwa kijiko, huku naifuata, kule inamwagika. Tone moja likatua kifuani.

Hapo mtu wa bara atasema, si utafua? Doa la bibo halifuliwi, ndugu yangu. Utoto wetu kila nyumba ilikuwa na nguo za msimu, zilizokwisha kuchafuka, kwa sababu maji ya bibo yakiingia kwenye kitambaa yanahamia na mizigo. Nimeshawarudishia wateja wengi mashati ya namna hiyo nikiwaambia washonee mfuko juu yake. Sasa na mimi nina shati la mifuko miwili. Na nikishasema hayo yote, kikombe nilikilamba. Mpaka kifuniko. Binti yangu anayo picha, amekataa kuifuta.

Jioni nikampigia mama yangu Nanguruwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti kama umefiwa?"

"Mama, mabibo siku hizi mnayapeleka wapi?"

"Si anakuja kijana na bodaboda kutoka mjini! Anaokota mwenyewe, ananiachia chini ya miti kusafi, sijashika hata fagio."

"Anakulipa?"

"Anilipe uchafu? Ila kijana ana adabu, kila akija ananiletea barafu yake ya maziwa, kopo kubwa hili. Tunakula na jirani. Tamu, lakini inakereketa. Hivi nyie huko mnauziwa shilingi ngapi?"

"Mama... mama, mtandao unakatakata."

"Mbona mimi nakusikia vizuri?"

Nikakata.