Vipima hewa katika vyumba vya Goma: vinunuliwe, na viwekwe wapi?

Hoja ya wanaotaka kila darasa mjini Goma liwe na kipima kaboni dioksidi ina nguvu. Wanafunzi wakijaa huku madirisha yamefungwa, gesi wanayoipumua hujilimbikiza. Nje ni kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikipita 1,000, hewa haibadiliki vya kutosha. Kiwango hicho mtaalamu wa afya Max von Pettenkofer alikipendekeza Ujerumani mwaka 1858, na mwalimu yeyote anaweza kukisoma.

Wanaopinga wanasema kifaa hicho hakioni sumu ya makala (makaa ya kupikia). Ni kweli, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Usiku wa baridi mbabula, jiko la makala, huingizwa chumbani, mlango ukafungwa kwa ajili ya baridi na usalama. Makala yakishakuwa mekundu bila moshi, watu hulala wakidhani hatari imekwisha, kumbe monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, bado inatoka. Mbabula ibaki nje. Familia yenye pesa ya kifaa kimoja tu inunue king'ora cha monoksidi.

Halafu kuna mazuku, mashimo na mabonde yanayojaa gesi ya ardhini, ambayo miongozo iliyoandikiwa miji mingine haiyajui. Upande wa Lac Vert na kuelekea Sake, magharibi mwa Goma, kaboni dioksidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo hutuama mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Mbuzi na mbwa hukutwa wamekufa humo. Kwa nyumba iliyo bondeni, kufungua mlango alfajiri kunaweza kuiingiza gesi badala ya kuitoa. Kifaa kilichotundikwa juu ukutani kinaweza kuonyesha hewa nzuri huku mtoto aliyelala mkekani akivuta sumu. Huko kikae karibu na sakafu.

Mwinuko nao una hesabu yake. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vipima vingi vya mwanga wa infraredi visiporekebishwa husoma pungufu kwa takriban asilimia 15: 850 kwenye kioo inaweza kuwa 1,000.

Kwa hiyo naunga mkono vipima madarasani, vikirekebishwa kwanza. Lakini shule ya mbao yenye dirisha upande mmoja tu ianze kwa kutoboa ukuta wa pili na kuweka wavu. Vumbi la barabarani litaingia, ndiyo, na pale pikipiki zinapopita mfululizo dirisha hilo lielekezwe uani.