Majumba Tusiyolala

Ukialikwa kwenye nyumba ya mapumziko Denmark, shuka unabeba mwenyewe. Foronya pia, na taulo, na kitambaa cha kufutia vyombo usikisahau. Ujumbe wa rafiki yetu ulifika mapema: njooni Jumamosi, Jumanne zamu yenu kupika, na siku ya kuondoka tunasafisha wote kabla ya kufunga mlango. Mke wangu akauliza, "Baba watoto, tumealikwa au tumeajiriwa?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe unalikuta mlangoni.

Naandika haya kwa sababu kila tunapokutana Waswahili wa huku Ulaya, iwe maulidi, iwe harusi, mazungumzo huishia kwenye ujenzi. Nani keshapaua, nani yuko kwenye lenta, nani kaliwa hela ya saruji na ndugu yake wa tumbo moja. Nimerudi kutoka ufukweni nina neno juu ya ujenzi wetu huo, na najua halitapendwa.

Nyumba tuliyofikia iko pwani ya magharibi ya Jutland, si mbali na bandari ya wavuvi ya Hvide Sande, imejificha nyuma ya matuta ya mchanga. Ya mbao, imepakwa rangi nyeusi. Vyumba vya kulala ni vidogo hivi kwamba ukivaa shati, kiwiko kinagonga ukuta. Makochi ni yale yaliyostaafu mjini, vikombe havifanani hata viwili, na pembeni kuna jiko la chuma la kuchomea kuni, maana Julai ya huko jioni inataka moto. Mwenye nyumba ni bwana mwenye cheo chake Aarhus, lakini wiki nzima alivaa sweta moja lenye tundu kwenye kiwiko, na hakuna aliyemshangaa. Ukuta hakuna. Geti hakuna. Mpaka wake na jirani ni vichaka vya waridi mwitu, basi.

Kuna daftari la wageni alilolianzisha baba yake. Kila anayelala pale huandika: hali ya hewa, nani alijifunza kuogelea, nani kaokota kaharabu, lile jiwe la utomvu wa miti ya kale, baada ya dhoruba. Nilipekua kurasa hizo nikaona watoto wanaandika kwa mwandiko wa kujifunza, mbele zaidi ni haohao wanaleta watoto wao. Nyumba ile imekaliwa na kulaliwa haswa.

Sasa niambieni, za kwetu nani anazilala? Twendeni Dar, twendeni Tanga kwetu, twendeni popote. Unaoneshwa jumba la ghorofa, vigae vya kung'aa, ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu, geti la chuma lenye vichwa vya simba. Ndani anaishi mlinzi, na anaishi kwenye kibanda cha uani kwa sababu nyumba kubwa "ni ya bosi". Bosi yuko Copenhagen anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu, ili alipie vigae hivyo. Anakuja kila baada ya miaka kadhaa, anakaa wiki tatu, kochi bado lina nailoni.

Wala msidhani kwamba Wadenmark wote ni matajiri wenye nyumba mbili. Wengi hukodi, na za kando ya bahari bei yake haishikiki. Lakini kuna kitu wote wanacho: likizo ya wiki tano kwa mwaka kisheria, na tatu kati ya hizo wana haki ya kuzichukua mfululizo kipindi cha kiangazi. Kwetu sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 28, nzuri tu, ila inamhusu mwenye mkataba. Mama ntilie na kijana wa bodaboda likizo yao ni homa.

Na sisi tulioko huku, likizo yetu ni ipi? Ni kwenda nyumbani. Kwenda nyumbani maana yake ni harusi mbili, matanga matatu, ada ya mtoto wa dada, bati la msikiti, na kila anayekukumbatia anapima uzito wa mfuko wako. Siwalaumu, ndio udugu wenyewe, na mimi nimesomeshwa kwa michango hiyohiyo. Lakini hiyo ni kazi, tusiiite mapumziko. Kule Jutland ilipita siku nzima bila simu ya mtu kuniomba chochote, na mpaka jioni mabega yangu hayakujua yafanye nini.

Bahari yao, kusema kweli, haina mvuto kwa mtu wa pwani. Maji ni ya nyuzi 17 hivi, ukitia mguu mfupa unalalamika. Upepo hauna jina, si kusi wala kaskazi, unavuma tu. Bamvua la kufa mtu, la kutembea juu ya mwamba ukichokoa pweza, hawalijui. Kwenye mchanga yamelala mahandaki ya zege ya Wajerumani tangu Vita vya Pili, watoto wanayafanya mahali pa kutelezea. Jua linazama saa nne na ushei usiku. Magharibi unaiswali watoto wa kwetu wakiwa wameshalala usingizi wa pili.

Zamu yetu tulipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi ya kopo, hatukuwa na njia. Samaki alitoka Hvide Sande, yule bapa, jamaa wa gayogayo, nikamchoma nje upepo ukinipeperushia moshi machoni. Walikula mpaka wakaramba sufuria, kisha mwenyeji akavua saa yake, akakunja mikono, akaosha vyombo vyote peke yake. Mke wangu aliinuka kumsaidia, akaambiwa kaa, zamu yako imeisha. Hapo ndipo alipoanza kuipenda ile ratiba.

Lakini ufuko! Mpana, mrefu, wa wote. Sheria inakataza kujenga karibu na bahari, kwa kawaida ndani ya mita 300, na hata pale pwani ilipo ya mtu binafsi una haki ya kupita kwa miguu. Wana wivu nayo kiasi kwamba mwaka 1992, kwenye Mkataba wa Maastricht, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, walijiandikia itifaki maalumu ya kulinda nyumba hizi za mapumziko, wakihofia Wajerumani wenye fedha watainunua pwani yote. Asiyeishi Denmark, na ambaye hajawahi kuishi huko jumla ya miaka 5, hanunui bila kibali.

Kwetu nako sheria ipo. Ya mazingira, ya 2004, inasema mita 60 kutoka baharini ziachwe. Pita Dar, Msasani mpaka Mbezi, uhesabu kuta. Ukitaka kugusa maji unapenya kichochoro kati ya kuta mbili kama mwizi, na Jumapili jiji zima linabanana Coco Beach na muhogo wake. Na waliojenga kuta hizo si wageni peke yao. Wengine ni sisi, na fedha za huku.

Nililolikosa nalisema pia. Wiki nzima hakuingia mtoto wa nyumba nyingine kuomba chumvi. Jirani akipita anainua mkono, mmemalizana. Mvua ilipotufungia ndani nilitamani baraza, wazee wawili wa kubishana nao mpira, na kahawa chungu na kashata.

Kwa hiyo kiwanja changu cha Kigombe, njia ya Pangani, nimeshaamua. Vyumba viwili, makuti, baraza inayotazama bahari, na vichaka badala ya ukuta. Funguo atakaa nazo mama mdogo, na ndugu yeyote anayetaka kupumzika akalale, mimi niwepo nisiwepo. Nimemtumia shemeji mchoro. Akanirudishia ujumbe wa sauti, anacheka kwanza, kisha: "Shemeji, miaka yote hiyo Ulaya unajenga kibanda? Watu watasema maisha yamekushinda."

Waseme. Mafundi wanaanza kusi ikitulia.