Fez: Usiogope Vichochoro, Ogopa Saa

Kila anayepanga kwenda Fez, mji wa kale wa Moroko, huonywa jambo moja: utapotea. Ni kweli utapotea, na wala haina neno. Fes el-Bali, yaani mji wa kale, umelala bondeni. Ukishuka unaelekea msikiti wa Qarawiyyin na mto, ukipanda kuelekea magharibi unarudi lango la Bab Boujloud. Mtoto wa Lamu au wa Mji Mkongwe ataizoea hesabu hiyo kabla hajamaliza birauli ya pili ya chai. Kinachoharibu safari za watu Fez ni saa. Mtu anafika kwenye mabirika ya kutengenezea ngozi jioni wafanyakazi wameshaondoka, au anaingia sokoni Ijumaa alasiri anakuta milango ya mbao imefungwa. Mwingine anapanga mji wa Chefchaouen kwenda na kurudi siku moja, siku yote ikaishia barabarani. Fez ni mji wa mafundi, na mafundi wana ratiba yao. Ndiyo maana naona wanaoipa Fez siku moja tu, wakiwa njiani kati ya Marrakech na Tangier, wamelipa nauli ya bure. Siku tatu kamili ndiyo kima cha chini.

Tuanze na saa yenyewe. Moroko hutangulia GMT kwa saa moja mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani ambapo saa hurudishwa nyuma. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi tofauti ni saa mbili, na Ramadhani ni tatu. Lakini nchi iko mbali magharibi, kwa hiyo Desemba na Januari jua la Fez huchomoza saa mbili asubuhi na ushei. Sisi tuliozoea saa moja kuwa ya mapambazuko tunadanganyika kirahisi: saa moja asubuhi huko, wakati wa baridi, ni giza tupu na walioamka ni waoka mikate na wauza supu. Maduka mengi ya mji wa kale hufunguka kati ya saa tatu na saa nne. (Saa zote humu nimezitaja kwa hesabu ya Kiswahili, kwa majira ya Moroko.)

Hao wauza supu ndio pa kuanzia siku. Bisara ni maharage mapana makavu yaliyochemshwa na kitunguu saumu mpaka yakawa uji mzito, kisha yakamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili ya unga. Huliwa kwa mkate wa mviringo, umesimama au umekaa kwenye benchi na wachukuzi. Ni chakula cha asubuhi. Sufuria ikiisha mchana haipikwi nyingine, na mgeni anayeitafuta usiku ataletewa ya mkahawa wa watalii kwa bei mara nyingi zaidi. Jirani yake utamkuta mkaanga sfenj, ambayo ni binamu wa andazi: haina sukari wala hiliki, ina tundu katikati, na ukinunua kadhaa hutungwa kwenye ukindu. Ile hapo hapo. Sfenj iliyopoa ni raba.

Kisha ingia Bab Boujloud. Lango hili wengi hudhani ni la kale sana, kumbe limejengwa 1913, wakati wa Wafaransa: upande wa nje vigae vya buluu, upande wa ndani vya kijani. Ukishaingia kuna barabara mbili za kukumbuka, Talaa Kebira kushoto na Talaa Seghira kulia, zote zinateremka mpaka karibu na Qarawiyyin. Shuka kwa moja, panda kwa nyingine, na siku ya kwanza usifanye zaidi ya hapo. Usinunue kitu. Uliza bei, sema shukran, endelea. Bei ya tatu au ya nne utakayotajiwa ndiyo itakayokufundisha kitu.

Humo njiani utasikia "balak! balak!" nyuma yako. Ni ile ile simile ya pwani, na haitaki ugeuke kuangalia ni nani. Jibandike ukutani kwanza. Nyumbu aliyebeba mitungi ya gesi au ngozi mbichi hana breki, na mteremko unamsukuma.

Hatua chache tu kutoka langoni, kwenye Talaa Kebira, ipo madrasa ya Bou Inania, aliyoijenga Sultani Abu Inan kati ya 1350 na 1355. Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukaa zaidi kuliko Mfaransa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alirudi kwao akaamriwa na sultani huyu huyu asimulie safari zake. Aliyeandika ni Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika 1355, hapa Fez. Maelezo yale ya Kilwa na sultani wake mkarimu, yanayorudiwa katika kila kitabu cha historia ya pwani yetu, yaliwekwa kwenye karatasi mjini humu, miaka ile ile madrasa hii ilipokuwa ikichongwa. Ada ya kuingia kwa miaka mingi imekuwa dirham 20. Beba sarafu na noti ndogo, maana chenji ni taabu. Madrasa ina sehemu ya msikiti, na wakati wa sala wasio Waislamu hawaingii, kwa hiyo usifike adhuhuri. Ukitoka, inua macho upande wa pili wa barabara: ile safu ya madirisha na maboriti ya mbao ni mabaki ya saa ya maji ya 1357. Haifanyi kazi, na jinsi ilivyofanya kazi mabingwa bado wanabishana.

Qarawiyyin ilianzishwa 859, na kwa mapokeo mwanzilishi ni mwanamke, Fatima al-Fihri, ambaye ukoo wake ulitoka Kairouan, Tunisia. Vitabu vya watalii vyote vinasema huwezi kuingia. Vimeandikiwa wasio Waislamu. Msaada pekee unaohitajika ukiwa Mwislamu ni wakati na adabu: nenda saa ya sala, umevaa kwa stara, viatu mkononi, kamera mfukoni. Bawabu akikuuliza, jibu kwa salamu na umwambie unakotoka. Utaona tofauti ndogo ndogo. Huko ni madhehebu ya Maliki, wengine husali mikono wameiachia, na Qurani husomwa kwa riwaya (namna ya usomaji) ya Warsh, si Hafs tuliyoizoea. Asiyeingia aende madrasa ya Attarine iliyo ubavuni, ya 1325, ndogo kuliko Bou Inania na kwa macho yangu nzuri zaidi, kwa sababu uwanja wake mwembamba unayaleta machongo karibu na uso.

Siku ya pili chukua kiongozi mwenye kitambulisho rasmi kwa nusu siku, kupitia nyumba unakolala. Mwambie mapema, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hamtaki maduka. Asipokubali, tafuta mwingine, kwani kamisheni ya zulia ni kubwa kuliko ujira wake. Wale vijana wanaokuambia "njia hii imefungwa" au "leo ni siku ya mwisho ya soko la Waberberi" wana kazi moja tu, kukuelekeza kwenye duka fulani. Njia haijafungwa. Ukihitaji mwelekeo kwa kweli, muulize muuza duka aliyeketi, maana yeye hawezi kuacha duka lake akufuate. Ramani ya simu nayo huyumba kwa sababu kuta ni ndefu na vichochoro vyembamba. Ukichoka kabisa, ulizia R'cif: ni uwanja ulio ndani ya mji wa kale ambako teksi hufika. Teksi ndogo za Fez ni nyekundu, hubeba abiria watatu tu, na zina mita. Sema "kontor", yaani mita, kabla mlango haujafungwa. Usiku nauli huongezwa nusu, na hiyo ni halali.

Chouara, mabirika ya kutengenezea ngozi, ndiyo picha inayouza Fez, na ndipo saa inapowaangusha wengi. Nenda kati ya saa tatu na saa sita asubuhi. Wafanyakazi wamo ndani ya mabirika mpaka mapajani na mwanga umeshashuka mpaka chini. Alasiri vivuli vya nyumba vinafunika nusu ya mabirika, na Ijumaa kazi hupungua sana. Mabirika meupe yana chokaa, ya kulegeza manyoya, na kinyesi cha njiwa, ambacho amonia yake huilainisha ngozi. Ya rangi ndiyo yale yanayopigwa picha. Mwonekano wote uko kwenye mabaraza ya juu ya maduka ya ngozi, hivyo utapewa tawi la nanaa la kuziba pua, maelezo, kisha mkoba. Kutonunua si kosa. Mpe aliyekueleza kitu kidogo, ushuke.

Ukinunua, pima mambo matatu. Ingiza pua ndani ya mkoba: ngozi iliyooshwa vibaya hubaki na harufu ya birika, na harufu hiyo haiishi kwa kuanika Mombasa wala Muscat, joto na unyevu huizidisha. Futa kwa karatasi nyeupe yenye maji: ikitoka rangi hapo, itatoka kwenye kanzu yako. Na babushi, yaani viatu vya ngozi vya kuchomeka, zipinde kisigino uone kama soli imeshonwa au imegundishwa tu. Ukiambiwa rangi ya njano ni zafarani tupu, tabasamu. Zafarani inauzwa kwa gramu, na rangi nyingi siku hizi ni za dukani.

Chakula cha mchana na usiku nacho kina muda wake. Tajini, mchuzi wa nyama au mboga, ya kweli hupikwa taratibu kwenye chungu chake kwa saa mbili hivi, kwa hiyo inayokufikia baada ya dakika kumi pale Boujloud ilikuwa tayari tangu asubuhi, mara nyingi mpaka viazi vimekuwa uji. Pastilla, fahari ya mji huu, ni manda nyembamba sana zilizofungiwa njiwa, mayai na lozi, juu mdalasini na sukari ya unga. Chumvi na sukari pamoja huwashtua wengine, lakini mla biriani yenye zabibu hatashtuka. Ya njiwa iagize asubuhi ule usiku. Usipoagiza utapata ya kuku, si mbaya, ila usilipe bei ya njiwa. Kuskusi kula Ijumaa baada ya sala, siku ambayo kila nyumba inaipika. Hufukizwa mara tatu, ikifikichwa kwa mkono kila mara, na mkahawa unaoiuza Jumanne usiku haujafanya hivyo. Khlii ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa juani na viungo kisha ikahifadhiwa kwenye mafuta. Huliwa na mayai, na ina chumvi ya kutosha, usiongeze. Yale mabakuli ya konokono kwenye mikokoteni ni halali kwa Wamaliki. Mshafii wa pwani akikataa, hakuna atakayechukia.

Siku ya tatu toka nje ya mji, na kwangu hakuna mjadala: Volubilis na Meknes. Makosa ya kawaida ni kuanza na Meknes kwa sababu treni inafika huko kwa chini ya saa moja. Ukifanya hivyo unafika Volubilis saa saba mchana, na Volubilis ni uwanda wa magofu ya Kirumi usio na kivuli. Geuza ratiba. Kodi teksi nzima Fez saa mbili asubuhi, ikupeleke moja kwa moja mpaka magofuni, kisha mji wa Moulay Idriss ulio karibu, kisha ikuache Meknes. Kabla ya kuondoka kubalianeni sehemu zote tatu kwa majina, saa za kusubiri, na nani analipa maegesho. Lipa mwisho. Dereva aliyekubaliwa "Volubilis" tu atakuwa na haki ya kugeuza gari.

Magofuni saa mbili zinatosha. Usikimbilie tao la Caracalla la mwaka 217 ukaishia hapo, kwani utajiri wa mahali uko sakafuni, kwenye michoro ya vijiwe ndani ya nyumba za matajiri: Orfeo na wanyama wake, kazi za Herkule. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na kofia. Moulay Idriss, alikozikwa mtawala Idris wa Kwanza, ni mahali pa kula kefta (nyama ya kusaga) ya mkaa na kupumzika. Meknes utafika alasiri, jua limelegea, lango la Bab Mansour la 1732 linaangalia uwanja wa el-Hedim ambao ndiyo kwanza unaanza kuchangamka. Kwa kurudi, kituo cha Al Amir Abdelkader kiko karibu zaidi na katikati ya mji mpya kuliko kile kikuu. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaketi kula.

Mwenye siku ya nne aende Ifrane na Azrou kusini, kwenye mierezi na nyani wasio na mkia. Achukue koti: Ifrane iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kipimo cha chini kabisa cha baridi kilichowahi kurekodiwa Afrika, nyuzi 23.9 chini ya sifuri, ni cha hapo, mwaka 1935. Nyani wasipewe karanga, hata muuzaji akikushikia pakiti mkononi.

Na Chefchaouen? Basi ni kama saa nne kwenda na saa nne kurudi, na huko mabasi huwa yamejaa usipokata tiketi ya kurudi mapema. Ukiitaka, lala huko.