Wi-Fi Iliyosubiri Umeme Ukatike

Kompyuta ya Mjomba, hapa Busia upande wa Uganda, ina mifumo miwili ya uendeshaji, unachagua mmoja ukiiwasha. Windows ni ya mahesabu ya duka. Ubuntu nilimwekea mimi, maana flashi za wateja wanaokuja kuchapa zilikuwa zimejaa virusi. Betri ilishakufa, kwa hiyo inaishi kwa waya.

Kwenye Windows, Wi-Fi safi. Zima, washa Ubuntu: hakuna kitu.

"Imevuka kwenda Kenya," Mjomba akatamka. Msicheke, hapa mpakani simu zetu hunasa mtandao wa Kenya bila pasipoti, ukashtukia salio limekwisha. Lakini kadi ya Wi-Fi?

Nikaandika rfkill list, amri ya Ubuntu ya kuona kama Wi-Fi imefungwa: hakuna kilichofungwa. Kadi ipo kwenye orodha ya vifaa, draiva (programu ya kuiendesha) ipo, ila draiva ikiiita, kadi kimya.

Fundi jirani akaitwa. Hakuigusa hata. "Imeungua, mzee. Mpya ni elfu themanini."

"Mbona Windows inaiona?"

"Imeungua upande mmoja."

Mjomba alikuwa anahesabu noti umeme ulipokatika. Uliporudi tukawasha, tukaingia Ubuntu, na Wi-Fi hiyoo, imejaa! Mjomba akarudisha noti mfukoni na kupata nadharia yake: kompyuta hii inataka kutishwa. Tangu hapo, akitaka Ubuntu, huichomoa waya Windows ikiwa bado inafanya kazi, na kuisindikiza kwa matusi ya Kisamia. Wateja wanaruka. Kilichoniudhi ni kwamba ilikubali kila mara, na mimi ndiye mwenye cheti cha kompyuta ukutani.

Nikaunganisha simu kwa waya wa USB (hiyo Ubuntu huipokea bila maswali), nikasoma. Kumbe tangu Windows 8, ya mwaka 2012, kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa: inahifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iamke upesi, na baadhi ya kadi za Wi-Fi huachwa katika hali ambayo Windows pekee ndiyo inajua kuiamsha. Ni mpangaji aliyesafiri na ufunguo wa choo cha wote. Ukichomoa waya, kadi inakosa umeme na kuanza upya. Hata kuchagua Restart kungetosha, kwa kuwa hapo Windows huzimika kikweli.

Nikaingia Control Panel, Power Options, nikaondoa tiki ya Fast Startup. Ikapona. Mjomba bado anachomoa. "Hiyo tiki yako haina adabu ya kutosha," anasema.

Fundi alipita, akaona Wi-Fi inawaka, akauliza dawa. Mjomba, mtu mkarimu, akamwonyesha waya.

Sasa nje ya kibanda chake kuna kibao kipya: TUNATIBU KADI ZILIZOUNGUA UPANDE MMOJA, ELFU AROBAINI, UNANGOJA UKIONA.