Windows 10 imefikia mwisho: laptopu za mtumba za Mwanza ziende wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Kwa mwenye mashine mpya habari hiyo ilipita kama nyingine. Kwa Mwanza haijapita, kwa sababu laptopu zinazouzwa kwa wingi katikati ya mji, na zinazoendesha steshenari za Nyegezi, Mabatini na Igoma, ni za mtumba: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Zote tatu zina prosesa za Intel za kizazi cha 6. Windows 11 kwa kanuni zake inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za usalama) na Secure Boot (kinga ya mashine inapowaka). Mashine ni nzima, kioo kizima, lakini mfumo umeifungia mlango. Ndiyo maana ubishi wa zamani wa Windows, Mac na Linux umerudi mezani, na safari hii kila jibu lina gharama yake.

Wabishi wengi huanza na swali la mfumo upi ni salama zaidi. Kwa maoni yangu, kuanzia hapo ni kuanza vibaya. Usalama wa mashine hauamuliwi na nembo iliyo mgongoni. Unaamuliwa na masasisho, kwamba yanaingia au hayaingii. Na yakikosa kuingia, ukichunguza utakuta sababu ni pesa: leseni, bando au fundi.

Historia inaonyesha hivyo. Virusi vya WannaCry vilipoenea Mei 2017, Microsoft ilikuwa imekwisha kuziba tundu lile tangu Machi mwaka huohuo, kwa sasisho la MS17-010. Walioumia ni wale ambao hawakuliweka. Mac nayo ilipata pigo lake mwaka 2012, pale Flashback ilipopenya kupitia tundu la Java na kuingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Linux iliponea chupuchupu Machi 2024: kuna mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, ukagunduliwa na mhandisi Andres Freund baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, inachelewa kidogo kuliko kawaida. Hapo watetezi wa Linux wana hoja, kwamba programu iliyo wazi huweza kukaguliwa na yeyote. Wapinzani wao nao wana hoja, kwamba kuwa wazi peke yake hakukuzuia mtu kuupandikiza.

Turudi kwenye meza ya fundi. Laptopu nyingi za mtumba zilianza maisha kwenye ofisi za Ulaya na Marekani zikiwa na leseni halali ya Windows Pro, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye bodi. Ikifika hapa, fundi anaifuta, anapiga Windows kutoka kwenye flashi yake, kisha anaiamsha kwa programu ya kraki, inayoifanya Windows ijione ina leseni. Mteja anaondoka na Windows ya wizi kwenye mashine iliyokuwa na leseni yake. Inaumiza, maana kosa hilo huepukika bila senti moja.

Kujua ukweli si kazi. Fungua Command Prompt, andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imeamshwa moja kwa moja, bila tarehe ya mwisho, ni dalili njema. Ikikupa tarehe iliyo ndani ya siku 180 zijazo, hiyo imeamshwa kwa KMS, njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni zenye seva yao wenyewe. Thibitisha kwa slmgr /dli: OEM_DM au RETAIL ndiyo unayoitaka, VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtu binafsi ni alama ya kraki. Kisha fungua PowerShell, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ukiona herufi na tarakimu 25, leseni yako imo humo. Chukua flashi ya GB 8, tengeneza kisakinishi kwa Media Creation Tool ya Microsoft, usakinishe toleo lilelile, Pro kwa Pro, na ufunguo utasomwa wenyewe.

Ubaya wa kraki hauishii kwenye sheria. Maelekezo yake karibu kila mara huanza kwa kuzima Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows. Programu yenyewe huomba haki za msimamizi, na nyingi huacha kazi inayojirudia kila baada ya muda ili kuamsha upya. Yaani umempa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba, kisha ukamfungia mlinzi nje. Mtu akilalamika kwamba Windows haina usalama huku mashine yake iko katika hali hiyo, analaumu kitu ambacho hajawahi kukitumia kikamilifu. Windows yenye leseni, Defender iliyo hai na masasisho ya kila mwezi ni mfumo imara kwa kazi za kawaida.

Kila mwezi, lakini, masasisho hayo hula mamia ya MB, wakati mwingine yanavuka GB. Anayenunua bando kwa siku huweka mtandao kuwa Metered, yaani wenye kipimo, na masasisho mengi yanasimama kimya kimya. Ofisi yenye mashine tano iwashe Delivery Optimization, ichague vifaa vya mtandao wa ndani tu: sehemu kubwa ya sasisho likishapakuliwa na mashine moja, nyingine huichukua kwake badala ya kuivuta tena kutoka intaneti. Mwenye mashine moja apakue usiku, bando zikiwa nafuu.

Na anayetaka kubaki Windows 10 bado ana muda kidogo. Mpango wa ESU unatoa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2. Huo ni muda wa kujipanga, usichukuliwe kama suluhisho.

Mac inashinda kwenye ubora, na sioni sababu ya kuzunguka. Tangu chipu ya M1 ya Novemba 2020, MacBook Air inakaa na chaji muda mrefu, jambo zito pale umeme unapokatika, na haina feni. Anayeishi karibu na ziwa anajua maana yake: vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hawana tundu la kuvutwa ndani. Lakini Air ya M4 ilitoka Machi 2025 kwa dola 999 huko Marekani, kabla ya usafiri na kodi. RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya zamani yenye GB 8 utazeeka nayo hivyohivyo, na bodi ikiungua, data zilizosimbwa humo, yaani zilizofungwa kwa ufunguo wa siri, zinaondoka nayo kama huna nakala pembeni.

Mac za mtumba zinahitaji macho zaidi. Zenye Intel zinaonekana rahisi, ila macOS 26 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwao, hivyo zipo njia moja na EliteBook G3. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aifute yote na aianzishe upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, au ikionyesha Remote Management, yaani bado inasimamiwa na kampuni au shule, mrudishie. Hakuna fundi wa mtaani atakayekufungulia kihalali.

Linux ndiyo inayozungumza lugha ya mfuko wetu. Linux Mint 22, moja ya matoleo ya Linux, ni bure, inapata masasisho hadi 2029, na inaenda vizuri kwenye G3 yenye RAM ya GB 4. Mambo mengi ya steshenari sasa yako kwenye kivinjari: maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, zabuni za NeST. Halafu kuna faida moja inayosahaulika. Flashi za wanafunzi huja na virusi vya shotikati, ambavyo huficha mafaili halisi na kuacha alama za .lnk, ukibofya, skripti inaingia mashineni na kusambaa kwenye kila flashi inayofuata. Kwenye Linux skripti hizo za Windows hazipati pa kusimama, na mafaili yaliyofichwa yanaonekana kama kawaida. Mashine moja ya Mint ya kupokelea flashi inaokoa duka zima. Kwenye Windows utarudisha mafaili kwa attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako, lakini hapo umetibu flashi tu, mashine bado inaumwa.

Inapokwama ni kwenye printa na Word. HP LaserJet P1102 kwa kawaida haichapi mpaka uendeshe hp-plugin, nyongeza ya draiva ya HP, ukiwa na intaneti. Canon LBP2900 inatumia CAPT, lugha ya printa ya Canon yenyewe, na draiva yake ya Linux ni ya kizamani na inasumbua. Epson za L, zile za tanki la wino, kwa kawaida hazina shida. Tafiti za wanafunzi hupoteza mpangilio zikifunguliwa kwenye LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, mara nyingi kwa sababu fonti hazipo, si kwa sababu programu ni mbovu. Sakinisha Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria. Times New Roman inazibwa na Liberation Serif. Aptos, fonti mpya ya Office, bado itahamisha kurasa, kwa hiyo kazi ya mwisho ya kuchapa ipokelewe kwa PDF. CorelDRAW na AutoCAD hazina toleo la Linux, na mchora mabango asidanganywe kwamba atazoea tu. Gharama nyingine ni fundi: wa kupiga Windows yuko kila kona, wa Linux utamtafuta. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ukague Wi-Fi, sauti, printa na projekta. Ukiiweka pamoja na Windows, zima Fast Startup kwanza, la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye diski ya Windows.

Kwa steshenari ningeshauri mchanganyiko: mashine moja ya kizazi cha 8, kama EliteBook 840 G5, yenye leseni yake kwa kazi za kuchapa na Corel, na zile za kizazi cha 6 zihamie Mint kwa wateja. Dukani usiridhike na neno i5. Soma tarakimu inayofuata kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8.

Na kama mashine inabeba nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu, ambavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka vilindwe, diski isimbwe. Kuna mtego hapa. Windows 11 toleo la 24H2 ikisakinishwa upya huweza kusimba diski yenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuokolea, tarakimu 48, hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akitumia ya kwake ili amalize haraka, siku BIOS itakapobadilishwa utaombwa ufunguo ambao uko kwa fundi. Keti naye dakika hizo za mwisho, uingize akaunti yako mwenyewe, na ufunguo uchapwe kwenye karatasi kabla mashine haijatoka dukani kwake.