Huyu Nimemzaa Lini?

Chanzo cha yote ni taulo.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi wa sita, 2022, kukaa wiki mbili. Mwezi wa nane alikuwa bado yupo, na nyumba yetu ina vyumba viwili na choo kimoja mwisho wa korido. Asubuhi moja natoka kuoga, taulo kiunoni, povu sikioni, nikamkuta huyo anakuja na ndoo yake. Korido yenyewe upana wake mtu mmoja na nusu. Mwenye mkwe ananielewa. Niligeukia ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

"Shikamoo mama," nikauamkia ukuta.

"Marahaba baba," akaliitikia dari, akapita ubavu ubavu.

Siku hiyo hiyo nikaamua: chumba cha uani, masta, choo ndani kwa ndani, mama apumzike na mimi nipumzike.

Nyumba ni ya marehemu baba, Sinza, kwenye vile viwanja vilivyopimwa kwa mradi wa miaka ya 70. Viwanja vidogo, ukiegesha Vitz vibaya, mlango wa jikoni haufunguki. Lakini hakuna kiwanja cha Sinza kilichowahi kujaa. Kila nyumba ina uani, na kila uani una chumba ambacho mwaka jana hakikuwepo.

Kibali nilikuwa nakijua, nisijifanye mjinga. Nilishawahi kuuliza serikali ya mtaa, nikaambiwa barua ya mtaa, fomu, ramani, nakala ya umiliki na risiti za kodi ya ardhi. Mimi nilijua kodi ni ile ya jengo tu, inayokatwa kwenye LUKU ukinunua umeme. Kumbe ardhi ina ya kwake, na ya kwetu ilikuwa haijaguswa tangu mzee afariki. Hati nayo ina jina la mzee, na mirathi hatujafungua kwa sababu dada yangu mkubwa na mimi hatujakubaliana kuhusu kabati la vyombo. Yaani ili nijenge chumba cha futi kumi kwa kumi, nianzie mahakamani, nipitie kwenye kabati.

Ndipo akatokea fundi Rula. Anaitwa Rula kwa sababu hajawahi kuonekana nayo.

"Bosi," akaniambia, "kibali ni cha nyumba. Hiki ni chumba."

Sijui kwa nini maneno yale yaliniingia. Akaendelea kunipa elimu: watu wa manispaa wanapita Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo wajanja hujenga wikendi, na wajanja wa wajanja hujenga sikukuu. Tukatazama kalenda. Jumanne, tarehe 23 Agosti, Rais ametangaza ni mapumziko nchi nzima. Rula akapiga kofi. "Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, jioni tuko kwenye lenta. Jumatano wakija wanakuta chumba cha zamani."

Sasa naomba msinicheke mapema. Nilijua kwamba tarehe 23 ni sensa. Redio ilikuwa inaimba miezi mizima, jiandae kuhesabiwa, jiandae kuhesabiwa, mpaka kwenye daladala. Nilijua kuna sensa, na nilijua Jumanne ni sikukuu. Hayo mambo mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji waliogombana, hayakuwahi kusalimiana.

Aliyewahi kujenga Dar anajua anayekuchomea ni mchanga. Tofali unaweza kuzificha. Mimi nilileta 200 kwa guta, arobaini arobaini kila magharibi, jirani nikamwambia za kuinulia tangi la maji. Lakini mchanga ukimwagwa getini, kabla hakujapambazuka anajua muuza maji, anajua mama wa vitumbua, anajua mtendaji. Kwa hiyo ulikuja Jumatatu saa tatu usiku, kirikuu mbili, na tukauingiza ndani usiku huo huo kwa karai. Pembeni ya nyumba hapapitiki, pana tangi. Njia ni moja tu: mlango wa mbele, sebuleni, jikoni, uani. Mimi, mke wangu na vijana wawili wa Rula. Mama mkwe alikaa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, kila tukipita ananyanyua miguu.

"Arobaini na moja," akasema.

Alikuwa anahesabu karai. Alifika themanini na sita ndipo akaenda kulala.

Asubuhi kazi ikaanza. Tulijenga juu ya zege la banda la kuku la mzee, ukuta wa nne tukaegemea fensi ya jirani, maana Rula alisema fensi iko pale bure haifanyi kazi. Anapanga tofali, anafumba jicho moja, anagonga na mpini wa mwiko mara mbili, anasema "imekaa." Timazi ilikuwa kwenye begi, imeviringishwa kwenye kamba yake, mpya kabisa. Saa tano tulikuwa kozi ya tano.

"Hodi wenyewe!"

Nikachungulia kwenye tundu la geti. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Pembeni yake binti kavaa kizibao, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Moyo ukanishuka hadi kwenye malapa. Manispaa! Sikukuu! Na kishikwambi!

Nikarudi uani mbio. "Rula, ingieni ndani, kaeni kwenye makochi. Nyie ni wageni." Wakaingia. Watu watatu, sementi mpaka magotini, wamekaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma vya mama mkwe, mikono juu ya mapaja kama wanasubiri mahari. Rula bado kashika mwiko. Nikamnyang'anya, nikautia chini ya mto.

Wageni wa kweli wakakaribishwa. Binti akajitambulisha: karani wa sensa.

Nilifurahi nikakaribia kumkumbatia. Sensa tu! Nikaagiza chai. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye chumba leo. Lakini binti akawatazama wale watatu, akaniuliza kwa adabu, "Hawa wote walilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

Mwenyekiti yupo pale, ananitazama usoni. Ningesema hawakulala, swali linalofuata ni wamefuata nini saa tano asubuhi na sementi magotini.

"Walilala," nikasema.

"Sawa, tutaanza na kaya. Mwenyekiti, samahani, naomba utupishe kidogo. Taarifa za kaya ni siri."

"Hapana!" nikasema kwa sauti iliyomwamsha paka. "Akae! Mimi sina siri na mwenyekiti!"

"Sheria, baba," karani akatabasamu.

Mwenyekiti akanyanyuka na kikombe chake. Mtu muungwana sana yule, hapendi kusumbua. "Wala msijali," akasema, "mimi nitapunga upepo huko uani."

Nilitazama mgongo wake unapita jikoni, taratibu, kama mtu anayetazama simu yake inatumbukia chooni.

Karani huku anauliza. Mkuu wa kaya, umri, elimu, shughuli. Najibu, lakini masikio yako uani. Kimya. Ni kimya cha mtu anayehesabu kozi.

"Vyumba vya kulala vingapi?"

"Viwili," nikasema, "na... viwili."

Akafika kwenye kochi. "Kaka, jina?"

"Rula."

Karani akasubiri jina la pili. Halikuja. "Uhusiano wake na mkuu wa kaya?"

Wageni wana mahali pao kwenye dodoso. Ningesema rafiki, yangeisha. Sijui ni shetani gani. "Shemeji yangu," nikasema. "Ndugu yake mke wangu. Na hao wawili pia."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mkono ukasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akamtazama Rula kuanzia kwenye malapa.

"Baba Zuu," akasema polepole, "ndugu yake mke wako si ni mwanangu?"

"Ndiyo mama."

"Basi huyu nimemzaa lini?"

Mke wangu alitoka mbio akaenda chumbani, nikamsikia anacheka kwenye mto. Mama mkwe hakuishia hapo, kwa sababu yeye ni mtu wa kweli na serikali iko mbele yake na kishikwambi. Akamgeukia karani. "Mwanangu, andika vizuri. Hawa wamekuja alfajiri, chai nimewapikia mimi, wanajenga chumba huko nyuma. Jana wamepitisha karai themanini na sita hapa hapa. Nilizihesabu."

Rula naye akaona afadhali aokoke. "Dada, kwa kweli mimi nitahesabiwa Mbagala kwangu. Nikihesabiwa na huku, si itakuwa tuko wawili?"

Karani akafuta, kidole juu ya kioo, mara tatu. Hakucheka. Bila shaka walifundishwa kutocheka.

Mwenyekiti akarudi, kikombe kitupu, vumbi la sementi kwenye mkono wa shati. Akanipa mkono. "Hongera kwa maendeleo, Baba Zuu." Basi. Akafika getini ndipo akageuka. "Huyu binti kazi yake kuhesabu watu. Mimi nimehesabu tofali."

Alhamisi mtendaji akaja na watu wawili wa manispaa, mmoja mhandisi. Mhandisi akaomba ramani. Nikamtazama Rula, Rula akagusa kichwa chake: "Ipo hapa." Mhandisi akatoa pima maji yake, akailaza juu ya ukuta wangu. Kile kipovu kikakimbilia pembeni, kikabaki huko huko kama mtoto aliyechapwa. Akatikisa kichwa, akanisomea kidogo kuhusu Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kwamba hata chumba cha nyongeza ni ujenzi, na kwamba fensi ya mtu si ukuta wa mtu mwingine.

Mwenzake akafungua kopo la rangi nyekundu. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa X nyekundu. Walioona Kimara 2017 barabara ya Morogoro inapanuliwa hawajaisahau, na mama mkwe ana dada yake kule. Alipoiona alikaa chini kabisa. Ikabidi aelezwe kwamba hii ni ya chumba tu, nyumba haiguswi. Chini ya X kijana akaanza kuandika SIMAMISHA UJENZI. Ukuta wangu ni mfupi. SIMAMISHA ikajaa yote, UJENZI ikaangukia kwenye fensi ya jirani. Jioni jirani akaja amevaa msuli, anataka kujua ujenzi wake upi.

Nikapewa namba ya malipo ya faini, nikalipa kwa simu nikiwa nimesimama pale pale, na siku saba za kubomoa. Karani alikuwa ameturudia kwa sensa ya majengo kabla hazijaisha. Akauliza jengo la uani lina matumizi gani. Nikamwambia, mwanangu, andika unavyoona.

Kubomoa alikuja Rula, na bei ilikuwa juu kuliko ya kujenga. "Kuharibu kazi nzuri kunaumiza, bosi." Kazi nzuri yenyewe ilianguka alipoiegemea kuvuta pumzi.

Nikaanza upya, kwa mlango wa mbele sasa. Kabati nikampa dada. Mahakama ya Mwanzo tukafungua mirathi, kodi ya ardhi nikalipa na malimbikizo yake, na kijana wa ramani alipomaliza kuacha nafasi ya jirani na nafasi ya karo, masta yangu ya kumi kwa kumi ikabaki futi saba kwa kumi. Kitanda kinaingia. Mlango ukifunguka, kitanda kinatoka. Makaratasi nikayapeleka manispaa, na mchanga ukabaki uani unasubiri pamoja na sisi, paka wa mtaa mzima wakaupokea kwa furaha.

Tarehe 31 Oktoba, Rais akatangaza matokeo kutoka Dodoma: Watanzania 61,741,120. Dar peke yake 5,383,728. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi lake, wiki zake mbili zinaingia mwezi wa tano.

"Na mimi nimo?"

"Umo mama. Umehesabiwa hapa hapa, Dar."

"Na yule mwanangu wa Mbagala?"

"Naye yumo."

Akaitikia kwa kichwa, akanyanyua ndoo yake, akaelekea koridoni. Mimi nilikuwa nimeshamtangulia kwenda kuoga, nimevaa suruali, shati, na mkanda.